Siku 31 za Kutisha: Namna ya Kuandaa Kalenda ya Pamoja ya Halloween Mtandaoni

Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Zamani Waayalandi na Waskoti walichonga sura za kutisha kwenye tanipu na kuweka mwanga ndani. Waliohamia Marekani karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, na boga likawa ndilo alama ya sikukuu.

Mtandaoni sikukuu hiyo imerefuka. Wachoraji na watengeneza filamu fupi hawasubiri usiku mmoja: huanza tarehe 1 Oktoba na kufungua kazi moja kila siku mpaka tarehe 31, leo ya huyu, kesho ya yule. Mtindo umeazimwa kwenye kalenda za Majilio za Wajerumani, zenye vijidirisha vinavyofunguliwa kimoja kimoja kungojea Krismasi. Isichanganywe na Inktober, aliyoianzisha mchoraji wa Marekani Jake Parker mwaka 2009. Kule kila mchoraji hubeba Oktoba nzima peke yake, hapa mzigo unagawanywa.

Na kugawana ndiko kunakoleta kazi. Kalenda ya namna hii haifi kwa sababu michoro ni mibaya. Hufa tarehe 9 au 14, siku ambayo aliyeahidi hakuleta, watazamaji wakafungua wakakuta patupu, na kesho yake hawakurudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inapigana na siku tupu.

Hatua ya 1: Anzeni Julai, mkiwa watatu

Julai si mapema mno. Mtu anayechora usiku baada ya kazi ya mshahara anahitaji wiki kadhaa, na filamu ya dakika mbili inaweza kumla mtu mwezi mzima. Tangazo la kwanza litoke Julai, orodha ya washiriki ifungwe katikati ya Agosti, kazi zote ziwe mkononi ifikapo tarehe 20 Septemba. Siku kumi za nafasi zinaonekana nyingi, lakini mkiweka mwisho tarehe 30 Septemba, kuna kazi mtakazozipata tarehe 8 Oktoba.

Waratibu watatu wanatosha, kila mmoja na lake. Mmoja anashika jedwali: nani ana siku gani, ameleta au bado. Wa pili anapokea faili, anazifungua zote na kuzitazama mpaka mwisho, maana faili iliyoharibika hugundulika siku ya kuchapishwa kama hakuna aliyeifungua kabla. Wa tatu anaongea na watu, na huyu achaguliwe kwa ulimi wake. Msanii akiandikiwa "umechelewa, tuletee kazi" huzima simu. Ujumbe unaofanya kazi unafanana na huu:

"Habari za leo dada, pole na majukumu. Naona siku yako ni tarehe 12 na mchoro bado hatujaupata. Kama mambo yamebana niambie tu, tunayo kazi ya kuziba pengo na wewe tutakusogeza tarehe 23. Hakuna tatizo, ila naomba nijibu leo."

Kinachotafutwa hapo ni jibu. Mchoro ukikosekana kuna njia ya kutokea. Jibu likikosekana hakuna anayejua afanye nini.

Hatua ya 2: Andikeni kanuni za ukurasa mmoja

Zisizidi ukurasa, la sivyo hazitasomwa. Ziseme kazi ni mpya au za zamani zinakubalika, filamu isizidi dakika ngapi (mimi ningeweka tatu), na picha zilizotengenezwa na akili mnemba zinaruhusiwa au la. Hilo la mwisho liamueni siku ya kwanza kabisa. Likiachwa wazi litakuja kuzua ugomvi katikati ya Oktoba, mbele ya watazamaji, na wachoraji wa mkono watajitoa mkiwa mnawahitaji.

Ongezeni kifungu kimoja ambacho waandaaji wa Ulaya na Marekani huwa hawakifikirii: mshiriki anaruhusiwa kutumia jina la kisanii. Kwetu wapo wengi ambao familia, kanisa au msikiti hautafurahi kuona jina lao chini ya picha ya pepo. Wanachora vizuri sana. Msiwapoteze kwa sababu ya fomu.

Hatua ya 3: Gawa siku kwa akili

Usiwaache washiriki wachague tarehe wapendavyo. Watagombania tarehe 31 na kuziacha tarehe 5 mpaka 12 zikiwa jangwa. Waulize mambo mawili tu: kazi yako ni ya aina gani, na ni siku zipi ambazo huwezi kabisa. Kisha panga wewe.

Kwanza chukua kalenda ya mwaka huo na uzungushie Ijumaa na Jumamosi zote za Oktoba. Hizo ni siku za filamu, kwa kuwa filamu inahitaji mtu aliyekaa, ametulia, ana muda. Michoro iende katikati ya wiki, pale mtu anapoitazama kwa sekunde chache akiwa kwenye daladala au foleni ya chakula.

Kisha pangilia woga wenyewe. Wiki ya kwanza toa ishara tu: mlango ulioachwa wazi, bundi juu ya paa, kivuli kirefu kuliko mwenye nacho. Viumbe vyenyewe vianze kuonekana wiki ya pili. Damu, kama ipo, isubiri. Ukiifungulia tarehe 2, kufikia tarehe 10 hakuna atakayeshtuka. Na baada ya kila kazi nzito weka nyepesi, fuvu lililovaa miwani au mzimu unaogopa paka, kwa kuwa mtu aliyecheka jana hushtuka kirahisi zaidi leo.

Kazi bora kabisa usiiweke tarehe 31. Najua kila mratibu hutaka kufunga kwa kishindo, lakini jioni hiyo watazamaji wenu wengi wa Marekani, Ayalandi na Uingereza wako nje, wanapitisha watoto nyumba kwa nyumba kuomba peremende, au wako kwenye sherehe wamevaa vinyago. Bora kabisa iende tarehe 29 au 30. Tarehe 31 mpe kitu kifupi kinachoweza kutazamwa mtu akiwa amesimama.

Halafu akiba. Kocha haingii uwanjani na wachezaji 11 bila benchi, nanyi msiingie Oktoba na kazi 31 tu. Tafuteni kazi tano au sita zisizo na tarehe, zilizokamilika, zenye ruhusa ya wenyewe kutumika siku yoyote. Waratibu wachore mbili kati ya hizo. Anayekubali kukaa akiba aahidiwe kwamba kazi yake itaonekana hata kama hakuna pengo, labda mbili kwa siku moja wiki ya mwisho. Bila ahadi hiyo hakuna atakayekubali, na ana haki.

Hatua ya 4: Kubalianeni saa

Hapa ndipo mambo huvurugika, hasa washiriki wakiwa Dar es Salaam, Toronto na Melbourne kwa wakati mmoja. Mtu wa Mombasa akiandika "saa mbili usiku" anamaanisha muda ambao saa ya simu yake inaonyesha 20:00. Mpwa wake aliyekulia Minnesota anaweza kusoma 2 na kuamka usiku wa manane. Kwenye jedwali andikeni muda mmoja tu, wa UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), kwa tarakimu nne, na kila mtu atafsiri kwake.

Saa 17:00 UTC ni chaguo zuri. Nairobi na Dar es Salaam inakuwa 20:00, giza limeshaingia. New York ni 13:00, Los Angeles 10:00. Sydney imeshakuwa 04:00 ya siku inayofuata (03:00 kabla ya Jumapili ya kwanza ya Oktoba), kwa hiyo wenzenu wa huko wataona kila dirisha likifunguka "kesho". Waambieni mapema wasije wakadhani mmewasahau.

Mtego mwingine ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya inaporudisha saa nyuma. London hutoka UTC+1 kuwa sawa na UTC, ilhali Marekani haibadilishi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Afrika Mashariki hatubadilishi kabisa. Mratibu aliye Ulaya akitegemea saa ya ukutani badala ya UTC, siku za mwisho zote, zile tamu, zitatoka saa moja baadaye.

Hatua ya 5: Faili

Kwa mchoro ombeni PNG au JPEG yenye ubora wa juu, upande mrefu usiwe chini ya pikseli 2000. Kwa filamu, MP4 ya 1920 kwa 1080. Jina la faili lianze na siku kwa tarakimu mbili: 07, si 7. Baadhi ya programu zikipanga majina zitaweka 10 kabla ya 7 msipofanya hivyo, na siku moja mtu atachapisha kazi isiyo ya siku hiyo.

Michoro isitumwe kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu WhatsApp huibana na kuipunguza ubora. Itumwe kama dokumenti, au iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Giza ndilo linaloumia zaidi picha ikibanwa: weusi laini wa kona ya chumba hugeuka vibokisi vya kijivu, na picha ya kutisha bila weusi wake imekwisha.

Kila faili ije na maelezo mafupi ya kilichomo kwenye picha, kwa ajili ya wasioona wanaosomewa na simu. Si jina la kazi, ni maelezo: "Bibi amekaa kizingitini, kibatari mkononi, nyuma yake mlangoni kuna mikono mitatu." Wasanii wengi huona hii ni kero. Waandikieni mfano, watafuata.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe

Sitamfundisha mchoraji kuchora. Kwa anayetengeneza filamu fupi kwa mara ya kwanza yapo machache ya kumpunguzia machozi.

Dakika tatu zinatosha mahali pamoja, mtu mmoja na jambo moja linalobadilika. Msichana anafunga dirisha, anageuka, dirisha liko wazi. Ukiongeza laana ya ukoo, daftari la babu na polisi, umeshaandika tamthilia ya vipindi 12.

Usirekodi usiku wa manane kwa simu. Kamera ya simu gizani huongeza unyeti mpaka picha inajaa chembe. Rekodi jua likishazama tu, mwanga ukiwa bado upo angani, kisha punguza mwangaza wakati wa kuhariri na uisogeze rangi kidogo kwenye buluu. Kumbuka karibu na ikweta giza huingia haraka: una dakika ishirini hivi, wakati mwenzako wa Scotland ana muda mrefu zaidi. Fanyeni mazoezi mchana, jioni iwe ni kurekodi tu. Ndani ya nyumba, taa moja ya pembeni inatosha. Kibatari ni kizuri kuliko taa nyingi za kununua kwa sababu mwali wake hauko imara na vivuli vinatembea vyenyewe. Kiwe mbali na pazia.

Anayependa kusogeza vinyago picha kwa picha apige hesabu kabla ya kuahidi. Filamu ya kawaida huenda fremu 24 kwa sekunde. Ukishikilia kila picha kwa fremu mbili unahitaji picha 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika moja. Sekunde 30 nzuri zinashinda dakika mbili zilizokatiwa njiani.

Na sauti. Tungeweza kuandika mwongozo mwingine mzima kuhusu sauti, kwa kuwa filamu ya kutisha ukiizima sauti mara nyingi haitishi. Mafundi wa sauti za filamu huvunja mabua ya mboga ya selari kupata mlio wa mfupa unaovunjika. Jaribu karoti au muhogo mbichi karibu na maikrofoni uone. Rekodi ukimya wa chumba chako kwa dakika nzima, mtu yeyote asiseme, uutandaze chini ya filamu yote. Kisha, sekunde mbili kabla ya jambo kutokea, ukate. Mtazamaji hatajua ni nini kilichoondoka, ila mgongo wake utajua. Hilo ni bora kuliko kelele ya ghafla, ambayo kila mtu anaijua na inaumiza masikio ya aliyevaa vipokea sauti.

Mazungumzo yakiwa ya Kiswahili yaacheni ya Kiswahili, muweke manukuu ya Kiingereza kwenye faili ya pembeni, yasizidi mistari miwili kwa mara moja. Watazamaji wa mbali wamezoea kusoma chini.

Kwa habari ya mada, mshiriki wa Afrika Mashariki halazimiki kuchora boga. Wachongaji wa Kimakonde walishaanza zamani: Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani kwenye mpingo miaka ya 1950, na George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachora mashetani wenye masikio makubwa na midomo iliyofumuka mpaka wakafika kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Zanzibar mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi kwa hofu ya Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku. Jini wa mbuyuni, zimwi, kibwengo wa baharini: watazamaji wa Chicago hawajawahi kukutana nao, na kinachotisha zaidi ni kile usichojua kanuni zake.

Hatua ya 7: Haki

Haki za kazi zibaki kwa msanii. Kalenda inaomba ruhusa ya kuonyesha, basi. Kifungu kama hiki kinatosha, na kila mmoja akijibu "nakubali" kwa maandishi:

"Kazi hii nimeitengeneza mimi na haki zake zinabaki kwangu. Naruhusu ionyeshwe kwenye kalenda tarehe tuliyokubaliana na ihifadhiwe baada ya hapo. Haitauzwa, haitakatwa wala kubadilishwa bila mimi kuulizwa."

Matatizo hutoka zaidi kwenye vitu vya kuazima. Muziki kwanza. Bach alifariki mwaka 1750 na tungo zake ni huru, lakini rekodi ya kinanda chake uliyoipakua ilipigwa na mtu, na huenda mtu huyo au kampuni yake bado ina haki. YouTube itaitambua na kuidai. Tumieni sauti zenye leseni ya Creative Commons na msome ni ipi: yenye alama BY inataka jina la mwenyewe litajwe, yenye NC hairuhusu biashara, yenye ND hairuhusu kubadilishwa, na kuoanisha muziki na picha za filamu kunahesabiwa kuwa ni kubadilisha.

Pili, hadithi za watu. Mwaka 1922 Wajerumani walitoa filamu ya Nosferatu, iliyotokana na riwaya ya Bram Stoker kuhusu Dracula, bila ruhusa. Walibadilisha majina ya wahusika wakadhani wamepona. Mjane wa Stoker alikwenda mahakamani, na mahakama ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizosalia ndizo tunazozitazama leo. Kubadilisha jina la mhusika hakukuokoi.

Kwa upande mwingine, picha za zamani zilizo huru ni hazina kwa anayetaka kuunganisha vipande. Night of the Living Dead ya George A. Romero, ya mwaka 1968, ilikosa ulinzi wa hakimiliki Marekani kwa sababu jina la filamu lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lilisahaulika kuwekwa. Ndiyo maana mizuka yake imejaa kwenye kazi za watu wengine. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi: Tanzania na Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, nchi za Umoja wa Ulaya miaka 70. Kalenda yenu inaonekana kote, basi fuateni kipimo kikali zaidi.

Hatua ya 8: Onyo kabla ya kutisha

Mtu amekuja kutishwa kwa hiari, lakini ana haki ya kujua ni kwa kitu gani. Mstari mmoja juu ya kazi unatosha: damu, wadudu, mtoto kuumia, kelele ya ghafla. Haumalizi utamu.

Mwanga wa kumetameta ni suala la afya. Desemba 1997 kipindi kimoja cha katuni Japani kilipeleka mamia ya watoto hospitalini kwa sababu ya mwanga uliowaka na kuzimika kwa kasi. Miongozo ya kimataifa inataka mimweko isizidi mitatu kwa sekunde. Filamu iliyozidi irudishwe kwa mwenyewe airekebishe. Onyo peke yake halitoshi, kwani video nyingine hujicheza zenyewe.

Kisha mchawi. Kikongwe mwenye pua ndefu na ufagio ni mchezo kwenye Halloween ya Marekani, ingawa hata huko watu 19 walinyongwa Salem mwaka 1692. Kwetu si historia. Kanda ya Ziwa, Tanzania, wazee wanawake wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa kuni za miaka mingi, yalichukuliwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Kazi itakayomfanya bibi mwenye macho mekundu au mtu mwenye ualbino kuwa kitisho chenyewe mimi ningeirudisha, hata ingekuwa imechorwa na malaika. Mwelezeni msanii kwa nini. Wengi walio mbali hawana habari. Msanii huyohuyo anaweza kuigeuza hadithi, kitisho kikawa ni umati unaokuja na tochi usiku.

Hatua ya 9: Oktoba yenyewe

Mkifika hapa kazi zote ziko kwenye folda, nyingi mmeshazipangia kujitoa zenyewe. Bado mtu mmoja awe macho kila siku ile saa ya kufungua, maana mitambo husahau na intaneti hukatika. Zamu za wiki moja moja zinawafaa waratibu kuliko zamu za siku.

Kila kazi itoke na jina la msanii kwanza, kisha jina la kazi, kisha mahali pa kumpata. Mtumieni kiungo dakika ileile ili naye aeneze kwa watu wake. Watazamaji wa kalenda hujengwa hivyo, kila siku na kundi jipya. Atakayetukana kazi ya mtu afutwe bila mjadala. Atakayeuliza imetengenezwaje ajibiwe na msanii mwenyewe.

Pengo likitokea hata hivyo, tumieni akiba palepale. Msiandike tangazo la kuomba radhi kwa kuchelewa, kwa sababu mtazamaji hajui jedwali lenu na hakuna alichokosa.

Tarehe 1 Novemba fungueni ukurasa mmoja wenye madirisha yote 31 kwa mpangilio, pamoja na zile za akiba. Tumeni nakala ya faili kwa kila aliyepoteza yake (watakuwepo), futeni anwani na namba za simu za washiriki kwenye jedwali, na muulizeni kila mmoja kama kazi yake ibaki au iondolewe. Atakayesema iondolewe, iondoeni siku hiyohiyo.